UZI: Saa ya mkononi inaweza kukuonya kabla hujazimia? Tujue inapima nini kabla ya kutoa hela

#1 FundiVifaaTiba (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna swali linarudi kila baada ya muda humu jukwaani: "Mdogo wangu anazimia zimia, ninunue saa gani itakayomwonya?" Majibu yanayofuata huwa ni majina ya saa na bei zake, basi. Mimi kazi yangu ni kutengeneza vifaa tiba, nashinda na mashine za kufuatilia wagonjwa wodini, na nina mdogo wangu wa kike mwenye tatizo hilohilo tangu yuko sekondari. Jambo hili linanigusa nyumbani na kazini, kwa hiyo naomba mnivumilie niandike kwa kirefu.

Tuanze na kuzimia kwenyewe. Mtu huzimia pale damu inayopanda kichwani inapopungua ghafla. Ubongo hauna akiba. Mtiririko ukikatika kabisa, sekunde 6 hadi 8 zinatosha fahamu kupotea. Akishalala chini damu inarudi kichwani na anazinduka mwenyewe baada ya muda mfupi.

Sababu ziko za makundi matatu, na kila kundi lina habari yake kwenye suala la kifaa cha kuonya.

Kundi la kwanza, ambalo ndilo la wengi, ni la mishipa ya fahamu. Mtu amesimama mstarini juani, au ameona damu, au anachomwa sindano. Mwili unajibu kinyume: mishipa ya damu inalegea, damu inatuama miguuni, na moyo ambao ulipaswa kuongeza kasi unapunguza. Presha inaporomoka. Hawa wengi wao hupata dalili kabla: jasho la baridi, kichefuchefu, miayo, masikio kuvuma, macho kuingia giza, midomo kupauka.

Kundi la pili ni presha kushuka mtu anapoinuka. Kipimo chake kinajulikana: presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama. Hapa wapo wazee, wanaotumia dawa za presha, walioharisha, na waliopoteza damu.

Kundi la tatu ni la moyo wenyewe: mapigo kwenda mbio kupita kiasi, au kusimama kwa sekunde kadhaa, au valvu iliyobana. Hili ndilo la kuogopa, na mara nyingi halitoi dalili yoyote. Mwaka 2002 watafiti wa Framingham, kule Marekani, walitoa matokeo ya kufuatilia watu 7,814. Waliozimia kwa sababu ya moyo, hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili ya wasiozimia. Waliozimia kwa lile kundi la kwanza hawakuwa na ongezeko lolote. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza habari za saa: je, ameshapimwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo? Kama bado, hela ya saa ianzie huko.

Sasa tuje kwenye saa yenyewe. Ukiigeuza utaona taa ndogo za kijani. Damu hunyonya mwanga wa kijani, hivyo kila pigo linapopitisha damu kwenye ngozi, mwanga unaorudi kwenye kihisi hupungua kidogo. Saa inahesabu yale mapunguzo, inapata mapigo kwa dakika. Lakini kinachomwangusha mtu ni presha, na presha saa haiioni moja kwa moja. Mapigo na presha ni vitu viwili. Mtu anayekaribia kuzimia anaweza kuwa na mapigo ya juu kabisa huku presha ikiwa tayari inateremka, kwa sababu moyo unajitahidi kufidia. Mapigo yakija kushuka, keshafika ukingoni. Saa inayotegemea mapigo peke yake itapiga kelele akiwa anaelekea sakafuni.

Watafiti wamelijua hilo siku nyingi. Tangu mwaka 1986, Rose Anne Kenny na wenzake walipochapisha utafiti wao London, wagonjwa wanaozimia bila sababu kujulikana hulazwa kwenye kitanda kinachoinuliwa hadi nyuzi 60 au 70, wakafungwa mikanda na kusubiriwa. Kitanda hicho ndicho kimetoa data karibu yote ya kutabiri kuzimia. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa wagonjwa 1,155, ambapo kompyuta ilifuatilia mapigo na presha kwa pamoja, pigo kwa pigo, na ikaweza kuonya kama dakika 2 kabla. Mwaka 2016 watafiti wa Coimbra, Ureno, wakatumia mwanga pamoja na ECG bila mkanda wa presha. Waliangalia umbo la wimbi la damu na muda unaotumika tangu moyo upige hadi wimbi lifike kidoleni. Nao wakapata karibu dakika 2.

Dakika mbili. Kumbukeni namba hiyo, maana yote niliyonayo ya kusema yanaizunguka.

Ila zile ni dakika mbili za kitandani, mtu katulia tuli, tena mtu ambaye tayari anajulikana ana tatizo. Nyumbani watu wanafua, wanapanda daladala, wanapiga chapati. Mkono ukitikisika, kihisi kinatikisika. Fanyeni hesabu hii: chukua kifaa kizuri kinachokosea mara 1 tu kwa kila saa 10. Mtu anakaa macho saa 16. Hiyo ni zaidi ya kelele moja ya uongo kila siku, karibu 50 kwa mwezi. Mdogo wangu huzimia mara chache kwa mwaka. Nani atavumilia kelele 50 kwa mwezi? Ataivua, na siku ya siku itakuwa iko mezani.

Linganisheni na vihisi vya sukari vinavyobandikwa kwenye mkono. Sukari kushuka kitaalamu haihesabiwi pamoja na kuzimia, lakini mtaani tunaita hivyohivyo, na anayeanguka anaumia vilevile. Kifaa kama Dexcom G6 kinaweza kumwonya mgonjwa wa kisukari dakika 20 kabla sukari haijashuka hadi 55 mg/dL. Kinaweza kwa sababu uzi wake mwembamba uko chini ya ngozi unapima sukari yenyewe, na sukari hushuka taratibu. Kwenye kuzimia tunapima jirani wa tatizo, na tatizo lenyewe linakimbia.

Msimamo wangu basi: vifaa hivi vinakuja, na vingine vitakuwa vizuri. Lakini onyo la dakika mbili lina thamani kwa mtu anayejua azifanyie nini tu. Asiyejua, utakuwa umemwongezea hofu. Mafunzo yatangulie, saa ifuate.

Karibuni tuchangie.

#2 MamaWawili

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Mimi nimeona saa Kariakoo, muuzaji anasema inapima presha, sukari, oksijeni, joto, kila kitu, elfu arobaini na tano tu. Binti yangu wa kidato cha pili alianguka mstarini asubuhi na nilikuwa nimeshatenga hela. Niache?

#3 FundiVifaaTiba

Dada MamaWawili, pole sana kwa binti. Iache.

Nianze na sukari. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Mwenye saa ya elfu arobaini na tano hana teknolojia ambayo makampuni makubwa ya dunia hayajaipata.

Presha nayo: saa za Samsung zenye kipimo hicho zinataka uzipime upya kwa mashine ya mkanda wa mkononi kila baada ya siku 28, la sivyo namba zinapotea njia. Na hata hivyo, mwaka 2022 jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa presha ilishauri vifaa visivyo na mkanda visitumike kumpima mtu ili aambiwe ana ugonjwa au apewe dawa. Sasa ile isiyohitaji hata kupimwa upya inajuaje presha yako? Tuliwahi kuvalisha moja ya hizi chupa ya maji pale karakana ikatoa mapigo.

Hela hiyo nunua mashine ya presha ya mkanda, ile inayofungwa juu ya kiwiko. Mpime binti akiwa amelala dakika tano, kisha asimame, umpime dakika ya kwanza na ya tatu. Andika namba zote. Utakuwa na kitu cha kumwonyesha daktari.

#4 SistaWaZamu

Mimi ni nesi, wodi ya dharura. Mtoa mada amegusa kidonda, naomba nieleze hizo dakika mbili zinavyotumika, maana ndiko ninakoona watu wanapoteza.

Ukisikia dalili, jambo la kwanza ni kushuka. Lala chini hapohapo, inua miguu, weka hata juu ya kiti. Watu wanaona aibu kulala chini kanisani au benki, wanajikaza, wanatafuta mlango wa kutokea, wanaangukia ngazi. Majeraha mengi tunayoshona ni ya hapo katikati.

Kama huwezi kulala, kaza misuli. Pishanisha miguu ukiwa umesimama, kaza mapaja na makalio kwa nguvu zote. Shikanisha mikono miwili na uivute kama unataka kuiachanisha, usiachie. Au kunja ngumi ukaze. Misuli ikikazwa inasukuma damu kurudi juu na presha inapanda ndani ya sekunde chache. Mwaka 2006 haya yalijaribiwa kwa wagonjwa 223: waliofundishwa, asilimia 32 walizimia tena, wasiofundishwa, asilimia 51. Hakuna kifaa, hakuna dawa, ni kufundishwa tu.

Na kwa anayemkuta mwenzie ameanguka: mlaze, miguu juu, legeza sidiria au tai, tawanya watu hewa ipite. Msimnyanyue kumkalisha kwenye kiti! Mnarudisha kichwa juu wakati damu bado haijafika. Maji msimmiminie mdomoni akiwa hajazinduka, yataingia mapafuni. Asipozinduka ndani ya dakika moja hivi, au hapumui vizuri, hiyo siyo kuzimia kwa kawaida. Anzeni kubonyeza kifua kama hapumui na tafuteni gari.

#5 Mbagala_Mwisho

Sista, swali. Kaka yangu akizimia anatikisika mikono kidogo. Nyumbani wengine wanasema kifafa, wengine wanasema ana jini, ameshapelekwa kwa wataalamu wawili wa asili. Zile saa za kifafa zinafaa?

#6 SistaWaZamu

Kutikisika kidogo kwa sekunde chache kunatokea sana kwenye kuzimia kwa kawaida, kwa sababu ubongo umekosa damu. Peke yake haimaanishi kifafa. Angalieni haya: je, ameng'ata ulimi pembeni? Anatikisika dakika nzima au zaidi? Akizinduka anachanganyikiwa muda mrefu, hawatambui watu? Hayo yanaelekea kifafa. Anayezinduka haraka, uso umepauka, jasho linamtoka, anajua yuko wapi, huyo anaelekea kuzimia.

Rekodini video kwa simu safari ijayo, mkishahakikisha yuko salama. Daktari akiiona anapata majibu ambayo maneno yetu hayampi. Nimeona watu wanameza dawa za kifafa miaka kumbe tatizo ni moyo. Inauma sana.

Saa za kifafa zipo. Embrace iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, inaangalia mtikisiko pamoja na jasho la ngozi. Lakini ile inamjulisha ndugu kwamba degedege limeanza, haitabiri.

#7 Msafiri_Muscat

Salaam alaykum ndugu zangu. Nipo Oman, msimamizi wa vijana wa ujenzi. Huku kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, na bado watu wanaanguka asubuhi. Tulivalishwa mikanda ya kifuani kwa majaribio, inapima mapigo na joto la ngozi. Ilichosaidia kwa macho yangu ni kitu kimoja: msimamizi anaona kwenye simu kwamba fulani mapigo yake hayateremki hata akiwa amekaa kivulini. Huyo anatolewa juani kabla hajaanza kuyumba. Haikuwa utabiri wa kuzimia hasa, ila ilimpa kijana ruhusa ya kupumzika bila kuonekana mvivu. Hilo si jambo dogo ukimjua mkandarasi.

#8 FundiVifaaTiba

Shukrani sana Msafiri, hili ulilosema nalichukua. Kwenye joto tatizo hujijenga kwa nusu saa au zaidi, ndiyo maana mapigo yanatosha kuonya. Mstarini shuleni lote linaisha ndani ya dakika chache. Kifaa kilekile, kazi mbili tofauti.

#9 Mdadisi255

Mtoa mada umesahau rangi ya ngozi. Hizi taa za kijani zimejaribiwa kwa Wazungu, kwetu zinasoma uongo.

#10 FundiVifaaTiba

Hoja ya msingi, lakini tuitenganishe. Kwenye oksijeni uko sahihi kabisa: mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha vipima oksijeni vya kidoleni vilishindwa kugundua upungufu kwa karibu asilimia 12 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya karibu asilimia 4 kwa weupe. Hilo ni jambo la kupigia kelele, na vifaa hivyo viko hospitali zetu zote.

Kwenye mapigo, mwaka huohuo watafiti wa chuo kikuu cha Duke walilinganisha saa kadhaa na ECG kwa watu wa rangi mbalimbali za ngozi. Rangi haikuleta tofauti kubwa ya wazi. Kilichoharibu vipimo ni kutembea na kutikisika. Hata hivyo, umbo la wimbi, ambalo ndilo linalohitajika kutabiri kuzimia, ni kitu laini zaidi kuliko kuhesabu mapigo. Wenye kutengeneza programu hizi waje wazijaribu kwa watu wetu, kwenye joto letu, kabla ya kutuuzia.

#11 SistaWaZamu

Niongezee hapo kwenye oksijeni: akina dada wenye piko kwenye kucha, tupeni kidole kisicho na rangi. Wa harusini huwa wanatupa kazi.

#12 BodaYaKijiweni

Mimi naendesha boda. Mwezi uliopita nilipoteza fahamu nikiwa nimekaa kijiweni, ghafla, sikusikia dalili yoyote, wenzangu wakaniokota. Nikivaa saa naweza kuendelea na kazi?

#13 FundiVifaaTiba

Kaka yangu, hapana. Simamisha pikipiki leo, usisubiri kesho. Kuzimia ukiwa umekaa, bila dalili, ni lugha ya moyo hadi vipimo viseme vinginevyo. Vivyo hivyo kwa anayezimia katikati ya mazoezi, au anayesikia moyo kwenda mbio kabla, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Mnamkumbuka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka uwanjani London Machi 2012 akichezea Bolton? Moyo wake ulisimama kwa dakika 78. Alipona kwa sababu waliomzunguka walijua cha kufanya na vifaa vilikuwepo.

Nenda hospitali upimwe ECG. Wakiona haja watakufunga Holter, kinarekodi umeme wa moyo saa 24 au zaidi. Mwaka 1947 Norman Holter alibeba mashine ya namna hiyo mgongoni ikiwa na kilo 38. Leo inaingia mfukoni. Dar kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, wanaifanya kazi hii. Kama wenyeji wa kijiwe chako mna mfuko wa kusaidiana, huu ndio wakati wake. Njoo PM tuongee.

#14 BodaYaKijiweni

Nimekuelewa mkuu. Funguo nimempa mdogo wangu. Jumatatu naenda.

#15 Kitinda_Mimba

Bi mkubwa wangu ana miaka 74, anatumia dawa mbili za presha. Ameanguka bafuni usiku, anasema hakusikia kizunguzungu wala nini. Mazoezi ya Sista ya kukaza misuli hayawezi, magoti yamekataa. Kwa mtu kama huyu bado unasema saa ifuate baadaye?

#16 FundiVifaaTiba

Umeuliza swali lenyewe hasa. Kijana anayesikia dalili zake mwenyewe tayari ana kihisi bora kuliko chochote ninachoweza kumfungia. Anayehitaji kifaa ni bi mkubwa: dalili hazisikii, na akianguka anavunjika nyonga. Kuna kampuni ya Marekani, STAT Health, ilitangaza mwaka 2023 kifaa cha kuvaa sikioni kinachofuatilia damu inayoelekea kichwani. Njia hiyo naiona ina mantiki kuliko ya mkononi, kwa sababu kinakaa karibu na pale tatizo lilipo. Natamani kifike kwetu kwa bei ya watu.

Kwa leo, saa yenye uwezo wa kugundua mtu ameanguka, kama Apple Watch tangu toleo la 2018, ina faida kwake, siyo ya kuonya bali ya kuita. Ila ipangeni iwapigie ninyi na jirani wa karibu, na muhakikishe anaivaa akienda bafuni usiku, maana wengi huivua kulala ili iende chaji. Ichajiwe mchana.

Kabla ya hapo fanyeni ya bure. Akiamka usiku akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo ainuke. Ndoo ya haja ndogo iwe chumbani. Taa iwashwe. Anywe maji ya kutosha mchana, kama daktari hajamkataza kwa sababu ya moyo au figo. Mpimeni presha akiwa amelala na akiwa amesimama, wiki nzima, asubuhi na usiku, muandike na saa aliyomeza dawa.

Halafu mrudisheni kwa daktari aliyemwandikia. Dawa msipunguze wenyewe. Pelekeni daftari la vipimo pamoja na maboksi ya dawa zote anazomeza, hata zile za duka la dawa baridi na za mitishamba.